Kesi ya kupinga ushindi Kenya: kuanzia Fomu 35A hadi hukumu

Matokeo yakishatangazwa, aliyeshindwa hupewa ushauri wa kila aina, na mwingi wake ni sumu. "Ngoja jina litoke kwenye gazeti rasmi la serikali." "Fungua kwanza, ushahidi utafuata." "Jaji ataagiza masanduku yafunguliwe, ukweli uonekane." Mwenye kuzifuata kauli hizo huishia kulipa gharama za mawakili wa mshindi, na pengine kura alizoibiwa hazijaguswa hata na kidole.

Mwongozo huu unahusu viti vya mbunge, seneta, mwakilishi wa wanawake, gavana na mwakilishi wadi (MCA). Urais una njia yake: kesi hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa, nayo huamuliwa ndani ya siku 14. Ndivyo uchaguzi wa rais ulivyofutwa tarehe 1 Septemba 2017 na ndivyo ulivyoidhinishwa tarehe 5 Septemba 2022. Kwa viti vingine muda ni mrefu zaidi, ila haunyumbuki hata kidogo.

Kwanza, hakikisha umebisha mlango wenyewe

Wapinzani wanaotaka kumtoa mtu kitini huchanganya mambo manne yaliyo tofauti.

La kwanza ni kesi ya kupinga uchaguzi, yaani kudai kwamba mtu hakuchaguliwa kihalali. Hiyo ndiyo tunayoieleza hapa.

La pili ni kuiomba Mahakama Kuu itamke kwamba kiti cha mbunge kimebaki wazi kwa sababu ya jambo lililotokea baada ya uchaguzi, kwa mfano amekihama chama kilichompeleka bungeni. Msingi wake ni vifungu vya 103 na 105 vya Katiba. Hapa watu hukosea sana kuhusu hukumu za jela. Kifungo cha miezi sita au zaidi kinaweza kumfanya mtu asistahili kiti, lakini kifungu cha 99(3) kinasema hapotezi sifa mpaka njia zote za rufaa au mapitio ziishe. Ukikimbilia kortini siku ya pili baada ya hukumu ya jinai, umewahi mno.

La tatu ni hoja ya kumng'oa gavana, ambayo ni kazi ya bunge la kaunti na Seneti. Korti huingia baadaye, kuangalia kama utaratibu ulifuatwa.

La nne ni mashtaka ya jinai, na hayo huyaendeshi wewe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliwazuia magavana waliokuwa wakikabiliwa na mashtaka ya ufisadi kuingia ofisini mwao. Waliendelea kuwa magavana. Kuzuiwa ofisini na kuondolewa kitini ni vitu viwili.

Hesabu ya siku

Chukua kalenda na kalamu. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Tuseme msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge anamtangaza mshindi Alhamisi, tarehe 12 Agosti. Siku ya tangazo haihesabiwi, siku ya mwisho huhesabiwa. Siku ya 28 basi ni Alhamisi, 9 Septemba 2027. Ukifika tarehe 10, kesi yako haipo, na hakuna jaji mwenye uwezo wa kukuongezea siku. Muda huo umewekwa na kifungu cha 87(2) cha Katiba yenyewe, si na kanuni za korti.

Saa huanza pale msimamizi anapotangaza na kutoa cheti. Gazeti rasmi halihusiki. Sheria ya Uchaguzi ilikuwa na maneno yaliyowafanya watu wahesabu kuanzia kuchapishwa kwenye gazeti, na katika kesi ya ugavana wa Mombasa kati ya Joho na Shahbal, Februari 2014, Mahakama ya Juu ikasema maneno hayo yanapingana na Katiba. Mwaka huohuo Mary Wambui alikitetea kiti cha ubunge cha Othaya kwa hoja hiyohiyo: kesi dhidi yake ilikuwa imefunguliwa nje ya siku 28. Walioteuliwa kwenye orodha za vyama ni suala jingine, kwa kuwa wao hupata viti kwa kuchapishwa kwenye gazeti rasmi.

Siku nyingine za kuandika ukutani:

– Siku 10 tangu kufungua kesi: kuweka dhamana ya gharama.
– Siku 15 tangu kufungua kesi: kuwafikishia walalamikiwa nakala.
– Siku 7 tangu mlalamikiwa apokee nakala: kuwasilisha jibu lake.
– Miezi 6 tangu kufungua kesi: hukumu iwe imesomwa.
– Siku 30 tangu hukumu: kukata rufaa.

Hiyo miezi sita ndiyo mtego ambao hata mawakili wazoefu wamenasa. Katika kesi ya ugavana wa Kirinyaga ya 2017, Mahakama Kuu iliitupa kesi ya Martha Karua kwa kasoro za hati. Mahakama ya Rufaa ikairudisha mwezi Machi 2018, ikasikizwa, ikaamuliwa Juni. Ilipofika Mahakama ya Juu, jibu la Agosti 2019 lilikuwa kwamba miezi sita ilishakwisha, hivyo Mahakama Kuu haikuwa tena na mamlaka ya kuisikiza. Saa haikusimama kesi ilipokuwa kwenye rufaa. Kwa hiyo kasoro ndogo mwanzoni haikucheleweshi tu, inaweza kukumalizia muda wote.

Wapi, na nani

Kesi ya mbunge, seneta, mwakilishi wa wanawake na gavana hufunguliwa Mahakama Kuu. Ya mwakilishi wadi huenda kwa hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Ukipeleka ya MCA Mahakama Kuu umepoteza siku ambazo huna.

Si lazima mlalamishi awe mgombea. Mpiga kura wa eneo hilo anaweza kufungua, na kesi maarufu ya ugavana wa Meru, ile ya Munya, ilifunguliwa na mpiga kura. Wanasiasa hupenda njia hii: aliyeshindwa hukaa nyuma, mwananchi wa kawaida akatangulia mbele. Mwananchi huyo ajue mapema kwamba jina lililo kwenye karatasi ndilo litakalodaiwa gharama, hata kama aliyemtuma amezima simu.

Walalamikiwa kwa kawaida ni watatu: Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), msimamizi wa uchaguzi aliyetangaza, na mshindi. Kwa ugavana, mtaje na naibu gavana. Walichaguliwa kwa tiketi moja, na kumwacha nje ni kuwapa upande wa pili pingamizi la bure.

Jambo moja zaidi: kesi hii haiondolewi kimyakimya. Anayetaka kuiondoa huomba ruhusa ya korti na huapa kwamba hakuna mapatano haramu nyuma ya uamuzi wake, na mtu mwingine anaweza kuomba kuchukua nafasi yake. Sheria iliwekwa hivyo ili kesi isigeuzwe bidhaa ya kuuzia mshindi.

Fomu ndiyo shahidi

Kila kiti kina namba ya fomu. Ya mbunge ni 35A kituoni na 35B kwa eneo bunge. Ya MCA ni 36A na 36B. Ya gavana ni 37A, 37B na 37C, ya seneta 38A hadi 38C, ya mwakilishi wa wanawake 39A hadi 39C. Herufi A daima ni karatasi ya kituo cha kupigia kura, na hiyo ndiyo mama wa hesabu zote. B na C ni majumlisho tu.

Weka Fomu 35A mezani uisome hivi. Juu kuna jina na namba ya kituo, na idadi ya wapiga kura waliosajiliwa. Katikati kuna majina ya wagombea na kura za kila mmoja. Kuna sehemu ya kura zilizokataliwa, zilizopingwa, zenye utata, na jumla ya kura halali. Chini kuna majina na saini za mawakala, saini ya msimamizi wa kituo, nafasi ya wakala kueleza kwa nini amekataa kutia saini, na nafasi ya maoni ya msimamizi.

Tuseme kituo kina wapiga kura 612. Mgombea wa kwanza ana 214, wa pili 187, wa tatu 31. Jumlisha mwenyewe: 432. Je, kisanduku cha kura halali kinasema 432? Ongeza kura 6 zilizokataliwa, unapata 438, ambayo haijazidi 612. Kituo hiki kiko sawa. Sasa fungua 35B, tafuta mstari wa kituo hichohicho. Ukikuta wa kwanza ameandikiwa 274, umepata kura 60 zisizotoka popote. Andika namba ya kituo, tarakimu mbili hizo na tofauti. Rudia kwa kila kituo. Kazi hii ya karani mvumilivu inazidi mashahidi ishirini wenye hasira.

Kisha jumlisha tofauti zote na uziweke kando ya pengo la mshindi na wa pili. Kama alikushinda kwa kura 4,100 na makosa yote uliyoyapata yanafika 230, tulia kwanza. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinalinda uchaguzi uliofanywa kwa misingi ya Katiba, na kinalinda pia uchaguzi wenye dosari ambazo hazikuathiri matokeo. Ni kweli uamuzi wa 2017 kuhusu urais ulisema mchakato mbovu peke yake unaweza kufuta uchaguzi, bila hesabu kubadilika. Lakini ubovu huo uwe mkubwa, wa kuonekana kituo baada ya kituo. Msimamizi aliyesahau kupiga muhuri hafiki hapo. Wala kukosekana kwa saini ya wakala wako. Kanuni zinasema wazi kwamba hilo pekee halibatilishi matokeo. La maana ni *kwa nini* hakutia saini: kama alitolewa nje, nani alimtoa, saa ngapi, na aliripoti wapi.

Video za simu ni hadithi nyingine. Kila upande huja nazo kwa mafungu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika, jinsi rekodi ilivyopatikana na kuhifadhiwa, na kitiwe saini na mwenye kukisimamia kifaa hicho. Video iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka mwenyewe hajulikani haiwezi kupata cheti hicho. Mtafute aliyerekodi wiki ya kwanza, kabla simu haijauzwa.

Kuandika hati

Hati ya kesi lazima itaje jina na anwani ya mlalamishi, tarehe ya uchaguzi, matokeo na jinsi yalivyotangazwa, tarehe ya tangazo, sababu za kupinga, na wakili kama yupo. Hapo kwenye "matokeo" usibabaishe: andika kila mgombea na kura zake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa iliifuta kesi dhidi ya John Mututho, mbunge wa Naivasha, kwa sababu matokeo hayakuandikwa. Majaji wa siku hizi ni wapole kidogo kwa kasoro za namna hiyo, lakini upole wa jaji haupangiwi bajeti.

Pamoja na hati, siku hiyohiyo, weka hati ya kiapo ya mlalamishi na ya kila shahidi. Shahidi asiye na hati ya kiapo hatasikizwa bila ruhusa ya korti, na ruhusa hiyo huombwa kwa jasho. Kila kiapo kisimulie alichokiona mwenyewe. "Niliambiwa na wakala wetu kwamba…" haina uzito. Mlete huyo wakala. Na usinakili kiapo kimoja kwa watu kumi. Wakili wa upande wa pili atawasimamisha mmoja mmoja, atawasomea aya ya saba, na wote kumi watakuwa "waliona gari jeupe likisimama saa kumi na dakika kumi na tano". Hapo kesi imekwisha, hata kama gari lilikuwepo.

Madai yawe ya kituo kwa kituo. Kudai "wizi ulitokea kote" ni kutodai kitu. Marekebisho ya hati yanaruhusiwa kwa idhini ya korti ndani ya zile siku 28 tu. Baada ya hapo huwezi kupenyeza sababu mpya.

Kuhusu shahada na sifa za mgombea: hoja hizi hupendwa na hufa mara nyingi. Katika kesi ya ugavana wa Wajir, Mahakama Kuu na ya Rufaa zilimwondoa Mohamed Abdi Mahamud kwa suala la masomo. Mahakama ya Juu ikamrudisha Februari 2019. Mizozo ya uteuzi ina meza zake kabla ya kura, yaani kamati ya IEBC ya kutatua mizozo au jopo la mizozo ya vyama. Aliyejua, au aliyepaswa kujua kama angefanya bidii, kisha akanyamaza hadi mpinzani akashinda, hawezi kuliibua baadaye. Ukiwa na shaka na cheti cha mtu, lalamika mwezi wa uteuzi.

Dhamana na kufikisha nakala

Dhamana ya gharama ni Sh500,000 kwa kesi ya mbunge, seneta, mwakilishi wa wanawake au gavana, na Sh100,000 kwa MCA. Huwekwa kortini, na risiti ihifadhiwe kama hati ya shamba. Usipoiweka, mlalamikiwa anaweza kuomba kesi itupwe. Usiichukue kama bei ya kesi pia: ni rehani tu, na gharama utakazoamriwa kulipa ukishindwa zinaweza kuipita kwa mbali.

Nakala unaweza kumkabidhi mlalamikiwa mkononi, au kutangaza kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima. Washindi wengine hupotea wiki hizo mbili: ofisini hayupo, nyumbani kasafiri, simu haishiki. Usicheze naye kombolela. Jaribu mkononi siku mbili tatu, kisha lipia tangazo na uweke kortini kiapo chenye ukurasa wa gazeti wenyewe.

Kikao cha matayarisho na ombi la ukaguzi

Kabla ya kusikizwa, korti huita pande zote kupanga: idadi ya mashahidi, tarehe, maombi yaliyobaki. Leta maombi yako yote hapo. Ombi ambalo lingeweza kuletwa mapema halipokelewi kwa furaha kesi ikishaanza.

Ombi kubwa ni la kufungua masanduku, na lina sura mbili. *Kuhesabu upya* ni pale ubishi pekee ulipo kwenye hesabu ya kura. *Ukaguzi* ni mpana zaidi: huangalia kura, vitabu vya kura, fomu, rejista na kumbukumbu za kituo. Sura zote mbili zinadai msingi. Taja vituo kwa majina, eleza kila kimoja kina tatizo gani, ambatisha fomu. Ombi la "masanduku yote ya eneo bunge" hukataliwa, na linastahili kukataliwa. Korti haitakutafutia kesi ambayo hukuja nayo. Vituo 14 vyenye tofauti zilizoandikwa vizuri vina nafasi kubwa kuliko vituo 140 vya kubahatisha.

Ukipewa ukaguzi, tuma mtu mwenye macho makali na subira. Aandike hali ya lakiri kabla sanduku halijafunguliwa. Ripoti ya msajili wa korti ikitoka, pinga kasoro zake mara moja.

Uzito wa ushahidi

Kiwango cha uthibitisho katika kesi hizi kiko katikati: juu ya kile cha kesi za madai, chini ya kile cha jinai. Lakini ukidai hongo au kosa jingine la uchaguzi, unapanda hadi kiwango cha jinai, pasipo shaka ya maana. Ndiyo maana mawakili wenye busara hawabebi hongo kama nguzo ya kesi. Aliyepewa Sh200 hataki kusimama kortini kusema aliipokea.

Kwa aliyechaguliwa

Ukiletewa kesi, siku saba za kujibu ni chache kuliko zinavyosikika. Usitegemee mawakili wa IEBC. Wao wanalinda tume, na kuna wakati maslahi yenu yataachana. Kusanya nakala za Fomu A zilizobaki kwa mawakala wako hata kama ulishinda kwa mbali. Angalia tarehe ya kufungua, ya dhamana na ya kufikishiwa nakala kabla hujagusa hoja nyingine yoyote. Na unaendelea na kazi yako: kiti ni chako hadi korti iseme vinginevyo.

Hukumu na baada yake

Korti inaweza kutamka kwamba ulichaguliwa kihalali, kumtangaza mwingine mshindi ikiwa hesabu mpya inamwonyesha wazi, au kuagiza uchaguzi mpya. Kufutiwa ushindi hakumzuii mtu kugombea tena, isipokuwa amepatikana na kosa linalomwondolea sifa.

Rufaa kutoka Mahakama Kuu huenda Mahakama ya Rufaa ndani ya siku 30, kwa masuala ya sheria pekee, nayo huamuliwa ndani ya miezi sita. Ya MCA hutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu na kuishia hapo. Huko juu mambo yanaweza kupinduka: Alfred Mutua alifutiwa ugavana wa Machakos na Mahakama ya Rufaa katikati ya 2018 kwa hoja zilizohusu Fomu 37C, na Mahakama ya Juu ikamrudishia mwezi Desemba. Evans Kidero naye alikiokoa kiti cha Nairobi mwaka 2014 baada ya kubainika kwamba rufaa ya mpinzani wake ilifunguliwa nje ya muda.

Siku ya hukumu, kabla hujatoka kwenye jengo la korti, omba nakala ya mwenendo wa kesi kwa barua na upate muhuri wa kupokelewa. Andaa hati ya rufaa hata kama mwenendo haujachapwa, kwa sababu siku 30 zimeshaanza kuhesabiwa.